Tupewe kina cha mito ya trauti kila asubuhi

Mhariri,

Kila Aprili shule zinapofungwa, magari kutoka Nairobi hupanda kuelekea Nyeri, Naro Moru na Nanyuki yakiwa na fito za kuvulia. Wengi hurejea mikono mitupu, na lawama humwangukia samaki: ati trauti wameisha mitoni. Hawajaisha. Aprili ni katikati ya masika, na mtu angewauliza wakazi wa huko kabla ya kujaza tangi angeambiwa asipoteze mafuta yake.

Kwenye mito mingi inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua kuna vibao vya kupimia kina cha maji, vimechorwa mita na sentimita, na wapo wasomaji wanaovisoma na kuandika. Ombi langu ni kwamba namba hizo zisiishie daftarini. Zibandikwe katika ofisi za uvuvi na malango ya mbuga, na zisomwe kwenye redio za mashinani asubuhi. Mkulima atazitumia, mwenye kuvusha ng'ombe atazitumia, na mvuvi naye atajua kama safari ina faida. Mpaka hapo itabidi kila mtu ajipimie, na kwa kuwa naona watu wakipima vibaya, naomba nafasi nieleze.

Kosa la kwanza ni kuulizia mvua ya pale utakaposimama. Mvua inayokuhusu ni ya juu, kwenye mianzi na nyika ya mlimani. Mawingu huko hujikusanya kabla ya adhuhuri na kumwaga kuanzia saa nane mchana, huku wewe darajani ukiota jua. Maji hayo hukufikia baadaye, yakiwa tayari ya udongo. Kwa hiyo ukimpigia simu mwenyeji, usimuulize "kunanyesha?" Muulize: jana alasiri mlima ulifunikwa mpaka wapi, na leo alfajiri mto ulikuwa na rangi gani?

Swali la rangi linahitaji maelezo kidogo. Vijito vinavyotoka kwenye nyika ya Nyandarua huwa na rangi ya strungi nyepesi, yaani chai isiyo na maziwa, hata pasipo mvua. Hiyo ni rangi ya majani na mizizi iliyooza, na trauti huona vizuri ndani yake. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo mbaya, maana ni udongo unaoelea, na samaki hawezi kuona chambo kikipita hatua moja kutoka puani mwake. Kipimo chepesi: ingia hadi magotini mahali salama, utazame viatu vyako. Ukiviona waziwazi, vua kama kawaida. Ukiviona kama kivuli tu, funga chambo kikubwa cheusi na uvue kandokando, kwa sababu samaki hukimbilia ukingoni kukwepa nguvu ya mkondo. Usipoviona kabisa, pika chai usubiri, au uhamie mto mwingine.

Kuhama kwenyewe kuna maarifa. Mlima Kenya haunyeshewi sawa pande zote. Upande wa kusini na mashariki, wa Embu na Chogoria, hupata mvua nyingi zaidi. Upande wa kaskazini, wa Timau na Sirimon, ni mkavu. Mito ya Thiba na Nyamindi, ya kusini, inaweza kuwa imefurika wakati mto Sirimon ni safi. Tena mto uliozungukwa na msitu hutakata upesi, mara nyingi ndani ya siku moja, ilhali mto uliopita mashambani huendelea kubeba udongo siku mbili tatu baada ya mvua kukatika, kwa kuwa kila mtaro wa barabara na kila kijia cha ng'ombe huutemea tope. Mto huohuo mmoja unaweza kuvulika juu ya mpaka wa msitu na usivulike kilomita tatu chini yake.

Kuna jambo la usalama hapa ambalo wageni hulipuuza. Unapofika, chomeka kijiti pale maji yanapogusa ukingo. Kitazame kila robo saa. Maji yakipanda vidole viwili, toka upande ule ulikoliacha gari, usingoje cha tatu. Dalili nyingine huja kabla ya kijiti: majani makavu na povu vinaanza kupita, harufu ya udongo mbichi inakuja na maji, na chini unasikia mawe yakigongana. Ukishasikia mawe umechelewa kuvuka. Hata siku ya utulivu, maji ya kasi yakipita magoti usivuke bila fimbo, na fimbo iwe upande maji yanakotoka.

Sasa joto. Hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinapotupotosha. Vinasema trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16, na kwamba uache kuvua yakifika 20. Nusu ya kwanza ni sawa hata kwetu. Nusu ya pili iliandikiwa watu wanaovua mita chache juu ya bahari. Maji ya nyuzi 10 kwenye usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakipata joto hadi nyuzi 20, hubeba 9. Panda sasa hadi mita 2,500, ambako kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa inayokandamiza maji, imepungua kwa robo. Maji yaleyale hubeba kama 8 yakiwa nyuzi 10, na chini ya 7 yakiwa nyuzi 20. Trauti wetu basi huanza kuhema mapema kuliko wenzao wa kule. Ushauri wangu ni kuacha kwenye nyuzi 18, hasa ikiwa nia yako ni kumrudisha samaki majini. Samaki aliyepigana dakika tano katika maji ya uvuguvugu huogelea akaenda zake mbele ya macho yako, kisha akafia chini ya jiwe usikomwona.

Kipimajoto cha shilingi chache kinatosha, ila kitumbukizwe ipasavyo. Usikiweke kwenye maji yaliyotuama ukingoni, yaliyopigwa jua tangu asubuhi. Kifunge uzi, kizamishe kwenye mkondo wenye kivuli hadi kiwiko, ngoja dakika mbili, na usome kingali ndani ya maji. Ukikitoa kwanza, upepo wa mlimani unakipoza papo hapo na kukudanganya. Pima saa moja asubuhi na upime tena saa tisa mchana. Januari hadi Machi, chini ya mpaka wa msitu, vipimo hivyo viwili vinaweza kukuonyesha mito miwili tofauti. Asubuhi ikiwa chini ya nyuzi 8 nayo usiwe na haraka, kwani samaki bado mzito. Ngoja jua liingie bondeni.

Kiangazi kina ugonjwa wake mwingine, nao si joto tu. Mito ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Likii hutekwa maji kwa ajili ya mashamba na miji, na miezi ya ukavu ndiyo kila mtu hufungua mfereji wake. Mto uliouona umejaa Jumanne unaweza kuwa mchirizi Jumamosi bila tone la mvua kubadilika. Wanaojua ratiba ya mgao ni jumuiya za watumiaji maji za kila mto. Kabla ya kumuuliza mwenye hoteli, muulize mwanachama mmoja wa jumuiya hiyo ni siku gani watu wa juu wanamwagilia. Na ukifika, tazama mawe: alama ya unyevu iliyo juu ya maji ya sasa, ikiwa bado nyeusi na mbichi, inakuambia mto umeshuka muda si mrefu. Samaki wote basi wamejikusanya kwenye vidimbwi vichache vyenye kina. Ni rahisi kuwavua hapo, na ndiyo sababu haifai kuwamaliza.

Rangi, joto na kina vikikubali, geuza jiwe uone samaki wanakula nini. Lichague la ukubwa wa sahani, kwenye maji yanayokimbia, ulitazame chini yake. Utakuta viluwiluwi bapa vya wadudu vinavyokimbia upande, vijumba vidogo vya wadudu vilivyoshonwa kwa changarawe, na huenda kaa mdogo. Vikiwa vingi na vidogo, chambo cha ndoano namba 14, kwa uzi mwembamba unaohimili kilo mbili, kinatosha. Ukikuta kaa na maji yametibuka kidogo, namba 8 au 10 ya rangi ya giza ndiyo mwafaka, na uzi wa kilo tatu. (Kwa wanaoanza: namba ya ndoano ikipungua, ndoano inakuwa kubwa. Wauzaji wengi hawasemi.) Kisha rudisha jiwe kama lilivyokuwa, ni nyumba ya watu.

Maziwa ya mlimani, kama Rutundu, Alice na Ellis, yote yako juu ya mita 3,000 na yana kanuni zake. Rutundu ilipata jina duniani mwaka 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomchumbia Kate kwenye miteremko hiyo, na tangu hapo wengi huenda huko kupiga picha. Mvuvi anahitaji kujua upepo. Alfajiri ziwa limetulia. Baadaye upepo huamka na kusukuma wadudu wa juu ya maji hadi ukingo mmoja. Ukingo huo ndio wenye samaki, ingawa utarusha ukiwa umekabili upepo na mshipi utakurudia usoni. Watu huhamia upande wa starehe na kukosa. Jua likiwa kali na maji hayana kiwimbi, samaki hushuka. Acha mshipi uzame huku ukihesabu: hadi kumi, vuta, hadi ishirini, vuta, hadi thelathini. Chambo kikirudi na majani ya chini, punguza hesabu tatu na uvue kwa hesabu hiyo mpaka jua lipungue. Kurudi nako kuangaliwe. Ukungu unaweza kuteremka saa sita mchana ukafuta njia, usiku maji huganda kwenye ndoo, na anayepanda kutoka Nairobi hadi huko kwa siku moja akaanza kuumwa kichwa na kutapika ateremke mara moja, asisubiri asubuhi.

Wanyama nao ni sehemu ya hali ya mto. Sauti ya maji huzima hatua zako, kwa hiyo nyati aliyelala kichakani hakusikii, nawe humsikii. Kinyesi cha ndovu kikiwa bado kinyevu na nzi hawajakizoea, rudi nyuma upite njia nyingine. Ndani ya mbuga omba askari mwenye bunduki siku moja kabla, usimtafute langoni saa mbili asubuhi wakati wote wametoka doria. Ada za mbuga hulipwa kwa eCitizen, na mtandao huko juu ni wa kubahatisha, basi lipia mjini. Leseni ya kuvua ni jambo jingine tofauti na ada ya lango. Iulizie ofisi ya uvuvi, pamoja na idadi ya samaki unaoruhusiwa kuchukua na sehemu zilizofungwa. Barabara za udongo mwekundu baada ya mvua hazina huruma hata kwa gari linalovuta magurudumu yote manne. Beba minyororo na koleo.

Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Wa kwanza, wale wa kahawia, waliletwa na Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Scotland wakaachiliwa katika mto Gura. Kuna wanaosema kwa sababu hiyo haifai kuwahangaikia. Mimi naona kinyume: samaki anayehitaji maji baridi, safi na yenye hewa ni mlinzi wa bure. Akianza kutoweka sehemu fulani ya mto Thego au Ragati, kuna jambo limetendeka juu ya hapo, na anayekunywa maji hayo angependa kulijua.

Ndiyo maana narudia ombi la namba. Halihitaji bajeti mpya wala kamati. Msomaji wa kibao tayari huenda mtoni. Aongezewe kipimajoto na neno moja la rangi, kisha atume ujumbe mfupi utakaobandikwa langoni na kusomwa redioni, kwa mfano hivi: "Thego, saa moja asubuhi, sentimita 42, nyuzi 12, strungi nyepesi, jana alasiri mlima ulifunikwa."

Mvuvi wa trauti,
Kiganjo, Nyeri