Tausi yuko hai, njoo na lile daftari

Moshi,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Baba Neema, kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wako shule, mama yao anakusalimu. Bibi yao mfikishie shikamoo yangu. Nilishika simu mara tatu nikupigie nikaiweka chini, kwa sababu haya nikiyasema kwa mdomo nitakatikia katikati. Ndiyo maana naandika, na barua nimempa kijana wa basi la Tanga akukabidhi mkononi.

Nianze na lile utakaloliuliza kwanza. Farasi wetu Tausi yuko hai. Mwenzake Jabali amekufa.

Unamkumbuka yule bwana aliyekuja kuwachukua Agosti mwaka jana, mama mwenye farasi alipokuwa anafunga shamba pale Usa River arudi kwao Uingereza. Alikuja na shati safi, akamshika Jabali shingoni kama mtu anayejua farasi, akasema ana eka kumi na mbili barabara ya Sanya Juu, mfereji unapita ndani, majani mwaka mzima. Tuliandika mkataba wa kurasa tatu: hatawauza, hatawachinja, hatawahamisha bila kumwambia mama, na mama atamtumia shilingi 700,000 kila mwezi kwa chakula na dawa. Wewe uliandika makabidhiano, mimi nikaweka sahihi kama shahidi. Nimeusoma mkataba ule upya wiki hii, mstari kwa mstari. Hakuna hata sentensi moja inayosema nani atakwenda kuwaangalia. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu mimi niko Moshi, nauli ya Boma Ng'ombe si kitu, na mwaka mzima sikwenda. Niliona picha nikaridhika.

Picha zenyewe ndizo zilizomfichua. Mama alikuwa akinirushia WhatsApp kila zikimfikia, nami nifurahi pamoja naye. Mwezi wa saba nikakaa nazo jioni moja, nikafungua ile iliyoandikwa Aprili. Tausi amesimama, singa zinang'aa, na chini ya kwato vumbi tupu, majani yamekauka kama chaki. Kaka, Aprili huku ni masika. Wewe umekaa huku, unajua matope yake, unajua majani yanavyofika magotini. Nikaifungua ya Desemba, nikaifungua ya Februari. Vumbi lile lile, kivuli kimelala upande ule ule, na kamba ya kichwani ina fundo ulilofunga wewe siku ya kuondoka. Picha zote zilipigwa siku moja, siku walipofika, kisha zikawa zinatolewa moja moja kila mwezi kama dozi.

Nilimpigia akasema nisubiri, njia imeharibika. Nikampigia tena akasema farasi wamepelekwa malishoni Babati. Mwisho wa Agosti nikapanda gari mpaka Boma, nikachukua bodaboda.

Eka kumi na mbili hazipo. Kuna kiwanja, na nyuma ya kiwanja banda la mabati. Tausi alikuwa humo, amefungwa kwa kamba ya nailoni mguu wa nyuma wa kushoto, na kamba imeingia kwenye nyama. Uti wa mgongo umesimama kama paa la nyumba. Kwato zimekua mpaka zimepinda mbele, anakanyagia visigino. Lakini kilichonitoa machozi ni nguzo. Zile nguzo za banda zilikuwa zimetafunwa mpaka zimebaki nyembamba katikati, kila moja aliyoweza kuifikia kwa urefu wa kamba. Zile za mbali zilikuwa nzima.

Nikapiga ule mluzi wako, mfupi mara mbili na mrefu mmoja. Kichwa hakuinua, nguvu hana. Sikio la kushoto likageuka.

Huyu ndiye Tausi aliyeletwa kwetu 2016 kwenye lori la ng'ombe, mgongo umechunwa na tandiko, ukalala naye bandani majuma mawili. Aliokolewa mara moja, sisi wenyewe tukamkabidhi kwenye njaa mara ya pili.

Kuna kijana pale wa miaka kama kumi na tisa, mtu wa Singida. Hajalipwa tangu Mei. Alikuwa anafanya vibarua asubuhi, jioni anakata majani kando ya barabara anamletea Tausi mzigo mmoja kichwani. Mzigo mmoja kwa farasi ambaye kwa siku anahitaji kilo nane za majani makavu si kitu, lakini bila mzigo ule ningekuta mifupa. Ndiye aliyenionyesha alipozikwa Jabali. Alikufa Juni. Kwa maelezo yake, macho yalivimba juu, povu likatoka puani, na kwa siku mbili akawa hayupo. Daktari alivyosikia alisema unafanana na ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi. Unakumbuka tulivyokuwa tunawaingiza ndani kabla jua halijazama, watu wanatucheka? Ni kwa ajili ya visubi, wanauma jioni na usiku, na pundamilia hubeba virusi hivyo bila wenyewe kuugua. Jabali alikuwa analala nje. Na Juni hiyo hiyo mama alitumiwa risiti ya chanjo ya Jabali. Ina namba moja na risiti ya Januari, tarehe tu ndiyo imebadilishwa kwa kalamu.

Lipo jingine. Mama alipoanza kuulizauliza, akapata wazungu wawili, mtu na mkewe waliopita Arusha kwa safari, nao wanatuma fedha kila mwezi kwa ajili ya Tausi huyo huyo, wakiambiwa ni wao pekee wanaomlea. Farasi mmoja mwenye njaa anamlisha bwana kutoka mikono miwili.

Mama alinieleza kwamba hata Marekani yamewakuta, tena kwenye mpango wa serikali. Kule kuna farasi wa porini wanaolindwa na sheria ya 1971, na kuanzia 2019 serikali ikawa inamlipa dola 1,000 kila anayekubali kumchukua mmoja kumlea. Mtu aliruhusiwa hadi wanne, na baada ya mwaka anapewa hati ya umiliki. Wapo waliosubiri hati na fedha, kisha wakawapeleka wanyama kwenye minada wanakonunua watu wa machinjio. Machi mwaka huu mahakama ilifuta malipo yale. Alinisimulia ili nisijilaumu, nadhani. Mimi nilichosikia ni kwamba fedha ilitangulia kabla ya jicho, kule na huku.

Nilikwenda kwa afisa mifugo, akaja siku hiyo hiyo na pikipiki yake, nashukuru. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, kumnyima mnyama chakula, maji na matibabu ni kosa, hata kama ni wako. Tukamchukua Tausi kwa maandishi, mbele ya mtendaji. Yuko kwa shemeji yangu, Machame.

Mtu akiona mnyama amekonda anakimbilia ndoo ya pumba. Daktari alinishika mkono kabisa. Farasi aliyelala njaa muda mrefu ukimjaza nafaka ghafla, mwili unashindwa, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo ni hei, yaani majani makavu, kidogo kidogo, kila baada ya saa nne, usiku na mchana, na tunaongeza polepole siku kumi za kwanza. Shemeji na mimi tulipeana zamu. Siku ya sita alianza kulia akisikia mlango. Sauti yake ni ile ile.

Sasa nije kwenye haja yangu. Yule bwana anajitetea kwamba farasi ni mzee, na wazee hukonda. Tausi ana miaka 19. Farasi anayetunzwa hufika 25 na kupita. Daktari alimfungua kinywa, meno yanatafuna vizuri. Lakini polisi wanataka kujua alikuwaje siku anakabidhiwa, na hilo liko kwenye daftari lako la kijani. Mimi nakumbuka kwamba tulimpima kifua kwa tepu ikasoma sentimita 178, na urefu wa mwili 155, ukapiga hesabu zako ukapata kilo 413. Nilipompima banda lile kifua kilikuwa 154. Kwa hesabu hiyo hiyo ni kilo 309. Zaidi ya kilo mia zimekwenda. Kumbukumbu yangu haitoshi, wanataka maandishi yako na wewe mwenyewe. Natakiwa kutoa maelezo Jumatano tarehe 24 pale Boma Ng'ombe. Nauli mama ameshatuma, ninayo mimi, usihangaike.

Kijana wa Singida naye amekubali kueleza aliyoyaona. Nimempa chakula na mahali pa kulala, na mama anasema atamlipa miezi yake.

Ukiweza, fika mapema, ikiwezekana Jumapili ya tarehe 21. Mkata kwato anakuja kesho yake. Miguu mitatu Tausi anaitoa, ila huo wa nyuma wa kushoto, wenye kidonda cha kamba, hataki mtu auguse. Juzi alimrusha shemeji ukutani. Wewe alikuwa anakunyanyulia mwenyewe kabla hujainama.

Ndimi nduguyo,
Baba Glory