Barua kwa binamu yangu anayewasifia mashati ya njano wa Thailand

Binamu, habari za siku nyingi. Ujumbe wako nimeusoma na nimeona nikujibu hapa wazi, maana wako wengi wanaosema kama wewe, eti mashati ya njano, wale waandamanaji wa Bangkok, ni wananchi waliochoka na mwizi, yaani Thaksin, wakamtoa wenyewe.

Hasira yao naielewa kabisa. Januari 2006 familia ya waziri mkuu Thaksin Shinawatra iliwauzia Temasek, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Singapore, hisa zao za kampuni ya simu ya Shin Corp kwa baht bilioni 73 hivi, bila kodi, sasa nani asingechukia? Sondhi Limthongkul mwenye magazeti na tivii yake akaungana na jenerali mstaafu Chamlong Srimuang na wengine, ikazaliwa PAD, umoja wa kumpinga Thaksin, wakavaa njano, ambayo kwa Wathai ni rangi ya Jumatatu, siku aliyozaliwa mfalme Bhumibol.

Lakini angalia walichodai. Thaksin alipoitisha uchaguzi wa Aprili wapinzani wakasusia, na PAD wakataka mfalme ateue waziri mkuu, mpaka mfalme mwenyewe akasema hadharani kwamba hiyo siyo demokrasia. Septemba 19 jeshi likampindua Thaksin, vifaru vikaingia mjini vimefungwa riboni za njano, watu wakawapa askari maua na kupiga nao picha.

Uchaguzi ukarudi Desemba 2007, watu wa Thaksin wakashinda tena, hasa kwa kura za kaskazini na Isan, yaani kaskazini-mashariki, kwa sababu serikali yake ndiyo iliyoleta matibabu ya baht 30, na kwa mkulima aliyekuwa akiuguza mtu huku anawaza madeni hicho si kitu kidogo jamani. PAD wakaja na "siasa mpya" yao, asilimia 70 ya wabunge wateuliwe, 30 tu ndo wachaguliwe. Yaani mwanakijiji akipiga kura wanasema kanunuliwa, basi kura yake ipunguzwe! Hapo binamu mimi siwezi kuwa nao, hata kidogo.

Agosti 2008 wakavamia ofisi za serikali wakapiga kambi humo, mahema, jukwaa, majiko, na vile viganja vya plastiki wanavyotikisa vikapiga kelele kama makofi, Novemba wakahamia uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, wasafiri maelfu kwa maelfu wamekwama na jeshi halikuwatoa. Desemba 2 Mahakama ya Katiba ikakivunja chama tawala, kile cha watu wa Thaksin, njano wakafunga virago wanashangilia. Mashati mekundu, wengi wao wafuasi wa Thaksin, walipojaa Bangkok 2010 kudai uchaguzi jeshi lilikuja na risasi za moto, mpaka maandamano yanazimwa zaidi ya watu 90 wamekufa, wengi raia.

Na Thaksin mwenyewe alirudi nyumbani 2023, siku hiyohiyo bunge likamchagua mtu wa chama chake kuwa waziri mkuu, chama hicho kikiwa kimeungana na vyama vya majenerali.

Kwa hiyo ukisema umma ulishinda, nataka uniambie umma upi. Anza na hiyo asilimia 70, nasubiri jibu lako.