Barua kwa somo yangu wa Maskati: mie sijawa chawa

Somo yangu, asalaam alaykum. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza yote, tena mara mbili maana mara ya mwanzo nilikuwa jikoni na mafuta yanalia, na kubwa nililoshika ni hilo kuwa mie siku hizi nimekuwa chawa, mtu wa kuwasifu wakubwa ili apate chochote. Ati kisa nimeweka stetasi ya kumsifu Mama Mariam Mwinyi, mke wa rais wetu wa Zanzibar. Haya. Nakujibu hapa hapa mbele za watu kwa sababu na wewe ulinisema kwenye gurupu mbele za watu, na wifi yangu yumo.

Unasema mke wa rais kazi yake kuvaa vitenge, kukata utepe na kupigwa picha na watoto. Sikatai, utepe unakatwa, tena mwingi. Lakini wewe uliondoka Pemba mwani ukiuona kazi ya watu wasokuwa na kazi, ndo maana hujui nnachokisifia.

Mama mdogo ana zaidi ya miaka ishirini anapanda mwani. Bamvua likifika, maji yakishatoka, anashuka na wenziwe, siku nyengine hata chai hajanywa, anainama kufunga mbegu kwenye kamba kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, moja moja, maji magotini, jua utosini, na nyenga, yule samaki mwenye mwiba, kajilalia chini ya mchanga anakungoja umkanyage. Wiki sita hivi ndo uvune, uubebe mbichi unachuruzika, uuanike, mvua ikinyesha uukimbilie kama nguo za sikukuu, halafu aje mnunuzi akutajie bei aipendayo yeye. Mwaka mmoja huyo mnunuzi hakuja kabisa, magunia yakalala ukumbini hadi tukawa tunakula futari tumeyakalia. Mgongo wa mama mdogo siku hizi haunyooki sawasawa, akisali anakaa kitini.

Na bado. Ule mwani mnene, kotonii, ndo wenye bei nzuri kuliko ule mwembamba, spinosamu, lakini bahari imepata joto somo, kwenye maji madogo unageuka mweupe unakatika vipande. Unataka maji ya kina. Maji ya kina nayo yanataka boti na kujua kuogelea, na wanaopanda mwani wengi wao ni wanawake, sasa kuogelea alitufundisha nani? Si tuliambiwa mtoto wa kike hachezi pwani? Wewe mwenyewe ulipigwa siku ile, mie nikakimbia.

Sasa hapo ndo anapoingia Mama Mariam. Mumewe kaapishwa Novemba 2020, yeye akaanzisha taasisi yake, Zanzibar Maisha Bora Foundation, na katika yote aliyoweza kuyachagua, mengine mepesi na yanapendeza kwenye kamera, akawaweka wakulima wa mwani mbele. Mwani umeanza kupandwa kwa biashara huko pwani ya mashariki ya Unguja tokea 1989, mbegu zikiletwa kutoka Ufilipino, hesabu mwenyewe hio miaka, na muda wote huo mwani umeingiza fedha za kigeni na mwenye kuupanda hajulikani. Mie nikiona mke wa mkubwa anakaa na wale wanawake anazungumza habari ya bei na vifaa, na kuwa tusiuze mkavu tu tutengeneze na sabuni na mafuta, namsifu. Kama huo ndo uchawa basi niandike namba moja.

Ila na mie nina langu, usidhani nimelala. Mke wa rais hatukumpigia kura. Wafadhili wanamfungulia mlango kwa sababu ya kiti cha mumewe, na kiti hapa Zanzibar ni vipindi viwili vya miaka mitano mitano basi. Siku ya kuhama Ikulu hio taasisi itabaki na nguvu gani? Boti likitoboka ataulizwa nani? Hayo ndo ungeniuliza ningekaa kimya kidogo, lakini wewe ukakimbilia vitenge.

Halafu kuna wake wa viongozi ambao taasisi hawakuwa nayo. Mtazame Mama Fatma Karume. Mumewe Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, kauliwa Aprili 7, 1972 pale Kisiwandui, yeye kabaki mjane na watoto, na kila ikifika tarehe hio watu wakaja kusoma hitma, miaka na miaka msiba wake ni msiba wa serikali, huwezi hata kulia peke yako. Baadae mwanawe Amani naye akawa rais, 2000 mpaka 2010. Mke wa rais, mama wa rais. Nani alimuuliza kama anataka?

Na huku kwetu, wewe unajua. Maalim Seif, mpinzani wetu mkubwa, alipowekwa ndani 1989 mpaka 1991, nyumbani kwake kulikuwa na watu wakingoja miaka yote hio. Mke wa mpinzani hakati utepe. Anapika sufuria kubwa maana wageni hawaishi, mmoja kafukuzwa kazi, mwengine mwanawe kashikwa, anawapa chai anawasikiliza na wa kwake mwenyewe hajui atarudi lini. Hio nayo ni huduma kwa jamii au wewe unaiitaje? Hakuna aliyeipiga picha.

Basi. Ile sabuni ya mwani uloniomba ipo, vipande kumi, mama mdogo kakata mwenyewe na mdalasini katia, nampa huyo jirani anayekuja huko baada ya Idi. Pesa mpelekee mama mdogo, usinipe mie nitakula. Na ukitaka kunigombeza tena piga usiku, kesho bamvua linaanza, asubuhi tutakuwa pwani na simu naiacha ndani.

Somo yako,
Wete