Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Uyole, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru, daktari, kwa kuacha wodi na kuja kwetu na baridi hii. Mwaka huu klabu imechagua mada ya usugu wa dawa, yaani bakteria kutokufa tena kwa dawa zilizokuwa zikiwaua. Mtaani kwetu mtu akikohoa siku mbili ananunua vidonge vya rangi mbili, anameza vinne, akipata nafuu vinavyobaki anampa jirani.

Unajua kuliko sisi kwamba kuna bakteria wanaojificha. Wale wa homa ya matumbo humezwa na seli nyeupe za damu, na badala ya kufa hufanya makazi humo humo. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, inaweza kuwaua maabara, lakini kwa mgonjwa ikashindwa, maana hupenya kwa shida ndani ya seli. Sasa aliyejificha awe sugu pia!

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walieleza njia nyingine: chembe za elementi mbili, kadimiamu na teluriamu, ndogo mara 20,000 kuliko unene wa unywele. Gizani zimetulia. Zikimulikwa, huigeuza oksijeni iliyo jirani kuwa aina kali inayovuruga uhai wa bakteria. Maabara ziliua asilimia 92 ya bakteria sugu, na seli za mamalia zilizokuwa pamoja nao zikabaki salama. Kutibu kwa mwanga kwenyewe si jambo geni. Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa njia hiyo.

Hatutii chumvi, Mheshimiwa. Hii si dawa ya kununua sokoni Mwanjelwa kesho. Kadimiamu ni sumu, na mwanga haufiki mbali mwilini. Kwenye meza yetu, tafadhali bana tochi ya simu kwa kidole: upande wa pili utaona wekundu tu, kijani chote kimenywewa na damu. Bakteria wa kwenye wengu utammulika vipi? Ndiyo maana wapo watafiti wanaotafuta chembe za kuamshwa na mwanga mwekundu, au ule wa infraredi usioonekana kwa macho.

Ombi letu ni hadubini. Tuliyonayo ni moja, na lenzi yake kubwa ina ufa. Pia tunaomba kibali cha kutembelea maabara ya hospitali siku wanapootesha vimelea, tujionee kikaratasi chenye dawa kikizungukwa na bakteria wasiojali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama, Klabu ya Sayansi