Mhariri, Chumbe hakuna rupia

Mhariri,

Gazeti lako nalinunua stendi ya Tukuyu miaka mingi, mara nyingi likiwa limelowa mvua, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa. Ile habari ya mnara wa taa wa Kisiwa cha Chumbe, pale karibu na Unguja, yenye picha nusu ukurasa, mmeandika kuwa ni "mabaki ya Mjerumani". Mjerumani yupi? Unguja iliwekwa chini ya Mwingereza mwaka 1890, mwaka uleule Mjerumani alipopewa kisiwa cha Heligoland kule Ulaya. Mnara wa Chumbe ulijengwa 1904. Na mabaki ni ya kitu kilichokufa. Ile taa bado inawaka.

Utasema, mzee, hilo ni kosa dogo. Huku Rungwe si dogo hata kidogo! Boma la Tukuyu ni la Mjerumani kweli, sibishi, lakini siku hizi kila ukuta mnene ni wake, na alipopita Mjerumani lazima alifukia rupia, zile sarafu zake za zamani. Mwaka juzi walikuja vijana wanne usiku na mashine inayolia pii-pii, na mganga wao kavaa koti la mvua, wakachimba chini ya tangi la maji la kijiji chetu. Asubuhi nimekuta shimo la kunifika kifuani, maganda ya ndizi, kuku mweusi hana kichwa, na tangi limepasuka kuanzia chini hadi kwenye bomba. Nawauliza, wananijibu, "Babu, hili la Mjerumani." Tangi hilo tumelijenga sisi mwaka 1975! Kokoto nimebeba mimi, kwa kichwa, kutoka mtoni, na kovu la ndoo ninalo. Walichokipata ni mfuniko wa sufuria. Nimekwenda ofisini kushtaki, nikaambiwa nilete ramani ya shimo.

Na maji mpaka leo tunachota mtoni, ila hilo nitaliandikia barua yake.

Kule Chumbe nyumba ya walinzi wa taa hawakuibomoa, wanapokelea wageni, na kamsikiti kao kapo. Kisiwa ni hifadhi tangu 1994. Sijasikia mtu kachimba msingi wa mnara ule. Labda kwa sababu umezungukwa na maji na majembe hayaelei. Ila sasa mmeshawaambia ni wa Mjerumani, ngoja mashua zianze kukodiwa.

Ninachotaka ni masahihisho, ukurasa uleule, herufi kubwa kama za kichwa cha habari: CHUMBE NI YA MWINGEREZA, HAKUNA RUPIA. Chini yake ongezeni mstari mmoja: na tangi letu pia. Nitumieni nakala tatu. Moja nitaibandika kwenye tangi kwa uji wa ngano, ya pili kwenye mlango wa mganga. Ya tatu ni ya akiba, mvua za huku unazijua.

Mzee wa tangi,
Rungwe, Mbeya