Tuta la zege mwishoni mwa njia ya kutua ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la ndege za abiria kupitiliza njia wakati wa kutua. Tangu ajali ya Jeju Air katika uwanja wa Muan, Korea Kusini, tarehe 29 Desemba 2024, mengi yamesemwa kuhusu bata mwitu walioingia kwenye injini na magurudumu ambayo hayakushushwa. Hayo tuwaachie wachunguzi. Mimi nauliza: lile tuta lenye zege lilifuata nini pale? Boeing 737-800 ile ilitua kwa tumbo, ikaserereka hadi nje ya njia, ndipo ikagonga tuta lililobeba antena za kuongozea ndege. Kati ya watu 181 waliokuwemo, walinusurika 2 tu.

Antena lazima ziwepo, sikatai. Lakini zinaweza kusimikwa juu ya nguzo zinazovunjika kirahisi zikigongwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapendekeza viwanja vikubwa viwe na eneo la usalama la mita 240 mwishoni mwa njia. Pale nafasi isipotosha, Marekani hutandaza matofali mepesi yanayopondeka chini ya magurudumu na kuisimamisha ndege. Ni ghali, ndiyo.

Nashauri mamlaka za viwanja vya ndege Afrika Mashariki zikague ncha za njia zote, zikianza na viwanja vilivyobanwa na ziwa, barabara au makazi, kisha zitangaze hadharani zilichokikuta na tarehe ya kurekebisha.

Msomaji wako,
Mwanza