Kwa mpwa wangu anayejifunza "Nacht und Träume"

Mpwa wangu,

Umeniuliza kwa nini wimbo mfupi namna hii wa mtunzi Schubert unakumaliza pumzi kuliko nyimbo ndefu ulizokwisha kuziimba. Umeupima kwa macho, mwanangu. "Nacht und Träume", yaani Usiku na Ndoto, una vipimo (vigawe vya muziki kati ya mstari wima na mwingine) 29 tu na mistari minane ya shairi la Matthäus von Collin. Lakini juu yake Schubert ameandika Sehr langsam, polepole sana, na sauti ni ya chini kabisa, yaani hafifu, tangu mwanzo. Ulichapwa mwaka 1825 pamoja na "Die junge Nonne", wimbo wa dhoruba. Kwangu mimi, huu mtulivu ndio mgumu.

Anza na maneno ya Kijerumani peke yake. "Nacht" ina kh ileile ya "kheri", basi hapo umeshapona. "Mondlicht" na "durch" zina ch nyingine, ya mbele, ulimi ukiwa karibu na kaakaa. Ukitia kh hapo unaharibu. "Träume" hutamkwa "troime", "stille" ni "shtile", na w ya "wieder" ni v. Kosa letu kubwa ni kuongeza irabu mwishoni: "Brusti", "Nachti". Funga neno kwa konsonanti nyepesi, uache.

Sasa pumzi. Waimbaji wengi huuimba kwa dakika tatu hadi nne, maana yake krocheti, nota ya pigo moja, iko kati ya 30 na 40 hivi kwa dakika kwenye metronomi. Usianzie huko. Weka 52, imba mstari wa kwanza, "Heil'ge Nacht, du sinkest nieder" (Usiku mtakatifu, unashuka), kwa pumzi moja, kisha shusha nne kila baada ya siku mbili. Utakapokwama, vuta pumzi baada ya "Nacht", penye mkato. Usiivute katikati ya "sinkest nieder", kwa sababu usiku unashuka pale na ukikata, unausimamisha hewani. Pumzi ikiisha mapema, mara nyingi chanzo si mapafu madogo. Umeianza silabi ya kwanza, "Heil", kwa hewa nyingi mno, ukadhani kuimba chini ni kupuliza. Sauti ya chini inataka hewa kidogo iliyoshikwa vizuri.

Mpiga piano naye ana mzigo wake. Kila pigo lina nota nne za haraka, mikono yote miwili, chini kabisa kwenye besi. Vidole visinyanyuke juu ya funguo, la sivyo utasikia nyundo badala ya mvumo. Pedali ya kulia ibadilishwe kila harmonia inapobadilika; ikichelewa, besi inakuwa tope. Ndiyo maana siwashauri wenye sauti nzito kuushusha wimbo mbali sana na B, ufunguo ulioandikiwa: kadiri unavyoushusha, ndivyo tope linavyozidi.

Lakini roho ya wimbo iko baada ya neno "Brust". Hadi hapo mko kwenye B meja, shapu tano. Ghafla, kwa "Die belauschen sie mit Lust", watu wanazisikiliza ndoto kwa furaha, na mko G meja bila maandalizi yoyote. Wewe uliyekulia kwaya ya solfa utaliona upesi: nota B, iliyokuwa do, sasa ni mi. Nota ni ileile, nyumba imebadilika. Watu wengi hapa huongeza sauti kwa mshangao, na hapo ndipo wimbo unapoharibika. Mpiga piano asogee bila kusisitiza G ya besi, na wewe uipate mi mpya akilini kabla ya kufungua kinywa. Ukiendelea kuifikiria kama do, utaimba juu kidogo na kila mtu atasikia.

Kurudi B huja pamoja na siku inayoamka na ombi la "kehre wieder", rudi tena. Hapo kishawishi ni kuharakisha kwa sababu pumzi imechoka. Hesabu nota za piano, nne nne, hadi mwisho.

Mkikutana na mpiga piano wako, msianze na mwanzo. Chukueni kipimo kimoja kabla ya "Die belauschen" na viwili baada yake, mara kumi, yeye peke yake kwanza, kisha wewe ukiimba kinywa kimefungwa, kisha maneno.